Mashuka ya Bibi Msimu wa Salfa

Mwezi uliopita nilipanda kijijini kwetu Mnyambe kwenye arobaini ya mtu wa ukoo, nikashuka kwenye gari asubuhi umande bado haujakauka. Kabla sijaamkiana na mtu, pua ikaniambia ni msimu gani. Salfa, dawa ya mikorosho. Mashine zilikuwa zinanguruma mashambani, huku moja, kule nyingine, na lile vumbi la njano linapanda juu ya mikorosho halafu linatulia taratibu kama unga unaochekechwa. Kama na wewe umekulia kule juu, harufu ile unaijua, inakukaa kooni mpaka adhuhuri. Basi natembea, napita nyuma ya nyumba moja nzuri ya bati jipya, nakuta mashuka yameanikwa kwenye kamba. Mashuka ya maua, mapya, na foronya zake. Asubuhi ile! Salfa inayashukia, na mwenyewe yuko ndani anasikiliza redio.

Nilitaka kupiga hodi niseme, dada, toka uanue. Sikupiga. Nilivuta mkono wa gauni nikafunika kovu langu, nikashika njia. Lakini tangu siku hiyo bibi yangu hajaniacha kichwani, ndiyo maana nimekaa kuandika. Shule yangu ni ndogo, niliishia darasa la nne, kwa hiyo naandika kama ninavyosema. Na walionitenda nitawataja, maana wao hawajawahi kujitaja.

Bibi ninayemsema ni mama wa mama yangu. Mama alifariki nikiwa natambaa, nikalelewa na bibi katika nyumba ya udongo iliyoezekwa nyasi, pembeni mwa mikorosho ya ukoo. Hatukuwa na kitu. Chakula chetu kilikuwa ugali wa muhogo na kisamvu, na ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha, tukibahatika kuichimba. Lakini kitanda chetu, rafiki yangu, kilikuwa kitanda. Cha kamba, miguu ya mti, juu yake godoro la sufi ambalo bibi alilishona mwenyewe. Kila baada ya msimu tulilifungua, tukaitoa sufi yote juani, tukaichambua kwa vidole mpaka ikavimba kama povu la maziwa yanayochemka. Nilikuwa napiga chafya mpaka machozi. Bibi anacheka, anasema, "Piga zote leo, usije ukanipigia usiku."

Kule juu maji hayajawahi kuwa ya kuchezea. Aliyekuwa na nyumba ya bati alijenga kisima cha kukinga mvua, sisi wengine tuliomba kwake, na kikikauka tulishuka bondeni kwenye chemchemi, njia ya kuteremka ambayo magoti yanaisimulia. Kwa hiyo maji ya kufulia yalikuwa na utaratibu. Maji ya kwanza ni ya mashuka. Yaleyale yakafulia kanga, halafu matambara, na mwisho yakamwagwa kwenye mpapai nyuma ya jiko. Ule mpapai ulizaa kuliko yote mtaani, na majani yake ndiyo yaliyokuwa sabuni yetu ya pili. Sabuni ya kwanza ilikuwa majivu. Bibi aliyachuja kwenye kitambaa, akapata maji yanayoteleza vidoleni, akachemshia humo mashuka kwenye sufuria kubwa la shughuli. Nakumbuka lile povu linavyopanda, na ule mwiko mrefu ambao haukuruhusiwa kugusa chakula.

Yakishatoka yanasuuzwa na buluu kidogo ya kung'arishia iliyofungwa kwenye kitambaa. Halafu kuvutana. Mimi upande huu, yeye upande ule, tunalivuta shuka mpaka linalia pwa!

"Wewe," ananiambia, "unavuta shuka au unalishikia lisianguke?"

"Navuta, Bibi."

"Basi ukiolewa mashuka yako yatakuwa kama uso wangu."

Mwisho ni pasi ya mkaa, upande huu na upande huu, kuua kila kilichotaga humo, kisha majani makavu ya mrehani katikati ya mikunjo. Kulala juu ya shuka la bibi siku ya kwanza lilipobadilishwa, sijui nikueleze vipi. Lilikuwa na ubaridi na harufu ya jua, vyote viwili. Na hukipandi kitanda hivihivi. "Miguu kwanza!" Kata moja ya maji, unasugua na jiwe, unasimama juu ya gunia mpaka ikauke. Mpaka leo siwezi kulala na miguu michafu, hata kama nimechoka kufa.

Msimu wa salfa ulikuwa na sheria yake peke yake. Shuka halitoki nje mpaka jua lipande, mashine zote zinyamaze, na majani ya mikorosho yaache kung'aa unyevu. Salfa ikikaa kwenye kitambaa huioni. Utaiona ukishalala, jasho likaiamsha, ngozi inawaka kama umepakwa pilipili.

Sasa nije kwenye moto.

Nilikuwa darasa la tatu. Kwetu mjomba ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake, na mjomba wangu alikuwa mtoto wa kwanza wa bibi, mwanamume mwenye kelele. Wakati wa kusafisha mashamba watu hukusanya majani makavu chini ya mikorosho, wakayachoma asubuhi na mapema, hewa imetulia. Mjomba asubuhi alikuwa kilabuni. Alirudi jua kali, upepo umeshaamka, akachukua kijinga cha moto jikoni kwetu.

"Acha mpaka kesho, mwanangu," bibi akamwambia. "Upepo huo."

"Mama, mimi si mtoto."

Baadaye bibi akanituma nimpelekee maji ya kunywa. Moto uliruka kutoka chungu moja ya majani kwenda nyingine, mimi nikiwa katikati, na gauni langu lilikuwa la nailoni. Sitaeleza zaidi. Uliniunguza mgongo na mkono wa kulia kuanzia begani mpaka kiganja. Watu wa ukoo hadi leo ukiwauliza wanasema ni upepo. Upepo haukuingia jikoni wala haukubeba kijinga. Aliyewasha ni mjomba. Huyo ndiye wa kwanza.

Nililazwa hospitali mpaka hatari ya kufa ikapita. Mgongo ulikuwa umeanza kufunga, mkono bado mbichi. Siku ya kuruhusiwa nesi alimweka bibi kando, lakini nilisikia.

"Bibi, dawa hii utampaka. Ila dawa kubwa ni shuka. Safi, la kuchemshwa, kila siku. Mkono huu ukiingia uchafu, mtarudi hapa tuukate."

Bibi akamjibu, "Shuka? Kama ni shuka tu, umekwisha kupona."

Alikuwa na mashuka mawili meupe. Moja la chini, na lile la juu alilitundika kwenye upinde wa fito alioufunga kitandani ili lisiniguse. Kila siku moja linachemshwa. Na ilikuwa katikati ya kiangazi, visima vya watu vimebaki maji ya magotini.

Kisima cha karibu kilikuwa cha Mama Zuhura, nyumba ya tatu kutoka kwetu, mumewe mnunuzi wa korosho, bati kubwa, kisima kina mfuniko wa chuma. Siku za mwanzo bibi alichota. Halafu asubuhi moja Mama Zuhura akaja mwenyewe mpaka uani. Dirisha la chumba changu lilikuwa wazi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mama Zuhura. Karibu mkeka."

"Sikai. Nimekuja kusema, yale maji ni ya kunywa na ya chai. Ya kufulia usaha, hapana."

"Mwanangu, nafulia hapa kwangu. Beseni langu, majivu yangu. Kwako nachota tu."

"Watu wanasema."

"Watu gani?"

"Watu."

"Haya," bibi akasema. "Wasalimie."

Aliingia ndani anacheka, lakini nilimwona anakaa kwenye kigoda na kuishika mikono yake yote miwili katikati ya magoti. Jioni tulisikia mfuniko unapigwa kufuli.

Basi akaanza kushuka bondeni. Mwanamke mzima, goti moja bovu, anateremka alfajiri na shuka chafu ndani ya beseni na majivu kwenye kifuko, anachemshia hukohuko kwenye chemchemi, anaanika kwenye vichaka vya huko chini ambako hakuna mikorosho wala salfa, anakunja, anafunika na beseni jingine safi, anapanda nalo kichwani. Wanawake wa bondeni walimwambia afulie chini kabisa, maji yanakoishia, wao wasichafuliwe. Akafulia chini kabisa. Mchana nikisikia anahema nje ya mlango najua shuka langu limefika. Hakunitandikia kabla hajaosha mikono, na upande utakaonigusa hakuushika ila kwenye ncha.

Aliyekuwa ananisaidia asipokuwepo ni mke wa mjomba. Huyu simhesabu na wabaya. Alikuwa na huruma, ila hakuwa mtu wa taratibu za bibi. Asubuhi moja goti la bibi likavimba asiweze kusimama. Kulikuwa na ndoo moja ya maji ya akiba. Mke wa mjomba akasema, "Mama, pumzika, leo nafua mimi." Akachemsha vizuri tu, akasuuza, akatoka kuanika. Asubuhi. Alitaka liwahi kukauka arudi kwake kupika. Na mjomba alikuwa anaianza mikorosho ya nyuma ya nyumba, mashine mgongoni, kitambaa puani.

Nilimsikia mkewe anapiga kelele juu ya ule mngurumo, "Baba Saidi! Ngoja nianue!"

Na yeye akajibu, "Umande unakauka, salfa haitashika, nisubiri shuka?"

Akapuliza. Aliliona shuka, alijua ni la nani, akapuliza. Mkewe alilikung'uta, akaliona jeupe, akaridhika. Wakanilaza juu yake.

Kwanza sikusikia kitu. Halafu joto la mwili likaanza kazi yake. Nakwambia, moto wenyewe haukuniuma kama siku ile. Bibi alikuja anatambaa kutoka chumba cha pili, akalivuta lile shuka chini yangu, akalinusa, akalitupa ukutani. Mkono ulikuwa umeshaanza kuvimba tena. Shuka la pili lilikuwa chafu la jana. Ndoo ilikuwa tupu. Goti lile lisingeweza kushuka bondeni, na mke wa mjomba alikuwa amekaa chini analia, hana la kusaidia.

Bibi akalivuta sanduku lake kutoka chini ya kitanda.

Kila mtoto wa nyumba ile alijua kilichokuwamo, na hakuna aliyeligusa. Wazee wengi wa kwetu hujiwekea: bafta nyeupe isiyo na doa, kafuri, pamba, sabuni moja. Sanda yake. Alikuwa ameinunua kidogokidogo, korosho za msimu huu na za msimu ule, ili siku yake ikifika asimsumbue mtu. Akaitoa. Akaipiga pasi mpaka ikanuka moto. Akachukua mkasi, akaikata mapande.

Mke wa mjomba alikimbia kumwita mumewe. Akaja na salfa bado kwenye nyusi, akasimama mlangoni.

"Mama! Unamlaza mtoto kwenye sanda?"

"Namlaza kwenye kitambaa safi."

"Unamwitia kifo ndani ya nyumba!"

"Kifo kilikuja na moto wako," bibi akasema, hakupandisha sauti. "Hakikungoja kuitwa na kitambaa."

Uani watu walikuwa wameshajaa. Mama Zuhura naye, kanga mabegani, anawaambia wenzake, "Mmeona sasa? Nilipofunga kisima mlisema nina roho mbaya." Mjomba akaona aibu ya mbele za watu ndiyo kubwa kuliko mkono wangu, akaenda kumleta mwalimu wa madrasa aje amkataze mama yake.

Mwalimu alikuwa mtu mwembamba, mpole, tuliyemwogopa kwa sababu hakuwa akipiga. Aliingia, akaniangalia mkono kwa muda mrefu, akakishika kitambaa kwenye pindo.

"Ameshavikwa mtu hiki?"

"Bado, Mwalimu," bibi akasema. "Mwenyewe ndiye mimi, na kama unavyoona nipo."

"Basi ni kitambaa cheupe. Mlaze mtoto." Halafu akauliza kitu ambacho hakuna aliyekuwa ameuliza. "Na kesho kikichafuka?"

Bibi akaangalia goti lake.

Mwalimu akatoka uani. Madrasa ilikuwa na pipa la maji ya udhu, ambalo watoto wake walilijaza kwa zamu, kila mmoja na kidumu chake kutoka bondeni. Akasema mbele ya wote, "Kuanzia leo maji ya pipa ni ya mashuka ya mtoto huyu. Sisi tutatayamamu, tujitwaharishe kwa vumbi."

Mama Zuhura akaruka. "Mwalimu! Maji ya udhu yafulie usaha?"

"Mama Zuhura," akasema, "kuna kisima kiliombwa kabla ya pipa letu. Kikifunguliwa, pipa litapumzika."

Mama Zuhura akajifunga kanga, akaenda kwake. Kisima hakukifungua mpaka mvua ziliponyesha. Huyo ndiye wa pili, nimemtaja.

Basi kila baada ya masomo ya alasiri nilikuwa nasikia vishindo vya miguu ya watoto, vidumu vinagongana, wanabishana nani amemwaga. Walikuwa wanachungulia dirishani, nyuso na viganja vimepauka vumbi la kutayamamu, wananiangalia nimelala juu ya bafta. Chumba kizima kilinuka kafuri. Mmoja aliuliza, "Eti umeshakufa?" Nikamtolea ulimi, wakakimbia wanapiga yowe, maji yakamwagika tena. Bibi anafua amekaa kwenye kigoda, goti amelinyoosha mbele, anawapigia kelele, "Taratibu nyie! Hayo ni maji ya sala!"

Ngozi ikaanza kufunga kutoka pembeni, nyembamba, rangi ya ndani ya mdomo wa paka. Mkono haukukatwa. Haunyooki wote, na wakati wa baridi unakaza, lakini ni mkono, una vidole vitano vinavyoshika.

Shuleni nilirudi nimechelewa, naandika kama kuku anaparura. Mwalimu wa darasa la nne alikuwa akinichapa kwa mwandiko, kwenye mkono uleule, akisema nimejizoesha uvivu. Siku moja sikurudi. Huyo ndiye wa tatu.

Leo naishi Masasi, upande wa Mkomaindo, bomba liko nje ya mlango ingawa haliji kila siku. Watu wanatia mashuka sabuni ya unga yenye harufu ya maua ambayo hayapo, wanaanika saa yoyote, wanaanua yakiwa na unyevu. Magodoro ni ya sponji, yakinuka yanageuzwa. Siwacheki, maisha yamekuwa mepesi na mimi mwenyewe hiyo sabuni naitumia. Lakini sisikii tena watu wawili wakivutana shuka uani likalia pwa. Mwalimu wa madrasa alishatangulia. Pipa sijui liliishia wapi. Wale watoto ni watu wazima sasa, tukikutana wananiita "maiti", na wao peke yao ndio nawaruhusu.

Bibi aliumwa mwisho wake muda mrefu, na mimi ndiye niliyekuwa namfulia. Kuchemsha, majivu, buluu, pasi, kila siku, kwa mkono huu. Hakunisifu. Alikuwa anapitisha kiganja kwenye shuka, anaguna, anafumba macho. Ulikuwa mwisho wa kiangazi, na siku moja mjomba akaja moja kwa moja kutoka shambani, akakaa pembeni ya kitanda na suruali yake ya kazi. Bibi akafumbua macho. Nikasema moyoni, leo. Leo atamwambia. Nilikuwa nimeshika beseni.

"Simama, mwanangu," bibi akasema. "Unachafua. Limefuliwa sasa hivi."

Mjomba akasimama. Alikaa amesimama vile, kofia mkononi, mpaka bibi akasinzia. Mimi nangoja aamke aseme la pili, lile la moto. Hakulisema, na baada ya siku hizo hakuwa na sauti tena ya kusema lolote.

Mjomba bado yupo, anatembea na fimbo. Kwenye ile arobaini tulikutana mlangoni. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mjomba." Akaitika, "Marahaba," akautazama mkono wangu, halafu akamuuliza mtu wa pembeni kama chakula kimeiva.